Cheka Kama Jana

Siku ya kuripoti chuoni, lifti ya bweni la wasichana ilikuwa mbovu, na karatasi iliyobandikwa mlangoni kueleza hivyo ilikuwa imefifia kwa uzee. Wazazi walisimama chini wakizitazama ngazi kama watu waliofika mguuni mwa mlima. Kidosho alikuja na sanduku la bati lililojaa viatu, pasi, vyombo na vitabu. Baba yake, ambaye mgongo ulikuwa umemkataa siku nyingi, alilizunguka sanduku lile mara mbili bila kuligusa. Ndipo msichana mmoja mrefu, mwenye mabega mapana na viganja vilivyokomaa kama vya fundi mwashi, akainama, akalinyanyua, akalitupia begani.

"Ghorofa ya ngapi?" akauliza.

"Ya nne," Kidosho akajibu, mdomo wazi.

Alipolitua mlangoni hata hakuwa anahema. Kidosho akashika mbavu kwa kicheko. "Huyu si mtu," akasema. "Huyu ni winchi!"

Jina likaganda kama saruji. Jua lilipokuchwa bweni zima lilikuwa linamwita Winchi, naye alilipokea kwa moyo mweupe, maana huko alikotoka alikuwa ameitwa mabaya zaidi. Mama yake alikuwa na ua kando ya barabara, akiuza mchanga, kokoto, saruji na matofali aliyoyafyatua mwenyewe. Baba alikufa mapema, na mama hakuwahi kumwambia mtoto wake, "Acha hiyo, wewe msichana." Alimwambia, "Piga goti kwanza, mfuko uegemee paja, ndipo uinuke." Alipomaliza shule ya msingi tayari alikuwa anapakia gari sawa na vibarua. Nyuma ya ua palikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji, na humo mjomba wake alimfundisha kuogelea kwa njia aliyoijua yeye: alimsukuma, kisha akakaa ukingoni kuvuta sigara yake.

"Maji hayana urafiki wala ugomvi," mjomba alimwambia alipoibuka akikohoa. "Ukihangaika yanakumeza, ukitulia yanakubeba."

Winchi alikuja chuoni kusomea ujenzi. Kidosho alisomea uhasibu. Walipangwa chumba kimoja na Redio, binti mwembamba ambaye habari haikulala kwake hata siku moja. Maji yalipokatika, Winchi ndiye aliyepandisha ndoo. Mtungi wa gesi ukiisha, Winchi. Godoro likihamishwa, Winchi. Watu walimpenda, wala hakuona ubaya kupendwa kwa ajili ya mikono. Wengine hupendwa kwa ajili ya macho. Kila mtu na alichojaliwa.

Jambo moja tu lilimtia haya. Kidevuni alikuwa anaota nywele, si nyingi, lakini ngumu na nyeusi, na kila alfajiri kabla wenzake hawajaamka aliziondoa kwa wembe, amesimama dirishani na kipande cha kioo. Asubuhi moja Kidosho aliamka mapema kwenda msalani, akamkuta. Winchi aliganda, povu la sabuni likimtiririka shingoni. Alingoja kicheko. Kidosho hakucheka. Alipiga miayo, akanyoosha mkono, akasema, "Leta nikushikie hicho kioo, utajikata."

Tangu siku ile, Kidosho angemwambia Winchi ambebe mgongoni mpaka kwao, angebebwa. Ikawa siri yao wawili. Kidosho anashika kioo, Winchi ananyoa, Redio anakoroma.

Likizo fupi ya katikati ya mwaka wa pili ilipokaribia, Kapteni alikuja na wazo. Huyu alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya chuo, kijana mwenye miguu ya chuma na tabasamu la kwenye mabango ya matangazo. Kidosho alikuwa akimtamani tangu mwaka wa kwanza jinsi paka anavyotamani samaki aliye kwenye kikaango: kwa macho, kwa subira na kwa kuzungukazunguka. Katikati ya ziwa palikuwa na kisiwa chenye kambi ya michezo. Wanafunzi walikwenda huko kupanda jabali kwa kamba, kukimbia, kuogelea na kupiga makasia kwenye kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki. Kapteni alitaka waende kikundi cha watu wanne: yeye, Kidosho, Redio na mmoja zaidi.

"Na Winchi aje," Kidosho akasema. "Bila yeye nani atabeba mizigo?"

Wote wakacheka. Winchi alicheka kuliko wote, akaenda kuazima begi.

Kambi yenyewe ilikuwa vibanda vya mbao vyenye vitanda vya ghorofa, banda refu la kulia chakula, na nyuma yake jabali jeusi lililosimama wima kama ukuta wa gereza. Msimamizi wa michezo alikuwa mama mmoja mkavu, amechomwa na jua, filimbi shingoni, ambaye kila mtu alimwita Kocha. Walikuwapo wanafunzi wa vyuo vingine pia, na kuanzia asubuhi ya kwanza mashindano yalikuwa ya kila kitu, hata ya nani amemaliza kula.

Walianza na jabali. Kapteni alifungwa kamba kiunoni, akapanda kwa kasi kama ngedere hadi katikati, pale mwamba ulipotokeza kitumbo. Hapo akakwama. Akajaribu kushoto, akajaribu kulia, miguu ikaanza kumtetemeka kama cherehani.

"Nishusheni!" akasema. "Kamba inanibana."

Winchi alifuata. Hakuwa na haraka. Alipofika kwenye kitumbo aliachia miguu, akaning'inia kwa mikono kama alivyokuwa akining'inia nyuma ya magari ya mchanga, akajivuta, akapita. Juu kabisa alisimama. Ziwa lilikuwa limemzunguka pande zote, limetulia. Tangu aingie chuoni, kila siku nguvu zake zilikuwa zimebeba kitu cha mtu. Leo zilimbeba yeye. Furaha ikampanda, akapiga ukelele uliowafanya ndege waruke mitini.

"Shuka basi!" Kidosho akaita kutoka chini. "Huku tunaona mpaka visivyotakiwa kuonekana!"

Watu wakaangua kicheko. Winchi akabana suruali yake ya michezo kwa mkono mmoja na kuanza kushuka.

"Mikono hii umeipata wapi?" Kocha alimwuliza akimfungua kamba.

"Kwa mama, kwenye saruji."

"Basi mshukuru mama."

Mchana waliogelea kwenda boya na kurudi. Winchi alikuwa ameshajifuta wakati Kapteni anatoka majini. Jioni walikimbia kuzunguka kisiwa, na Kapteni akamaliza wa tatu, akishika goti ambalo asubuhi halikuwa na neno. Wavulana wa vyuo vingine walianza kumtania: "Kapteni, mbona umemwachia dada unahodha?" Alicheka kwa meno tu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Winchi hakutia maji. Hakutamba wala hakumcheka mtu. Kosa lake lilikuwa moja: alishinda, akafurahi, na hakuomba radhi.

Na pengine yote yangeishia kwenye utani kama si lile la ngazini. Siku ya pili, kabla ya chakula cha jioni, Kapteni alimkuta Winchi ameketi kwenye ngazi za kibanda akikausha nywele. Akakaa kando yake, safari hii bila mbwembwe.

"Nifundishe," akasema. "Pale kwenye kitumbo, ulipitaje?"

"Wewe unatumia miguu kama ya mpira. Iache. Tazama." Akashika boriti ya kibaraza, akamwonyesha jinsi ya kufunga vidole. Kapteni akashika pia. Vichwa vyao vikakaribiana.

Kidosho alikuwa anatoka kuoga, taulo kifuani. Alisimama. Aliwatazama kwa muda wa kumeza mate, kisha akapita katikati yao kuingia ndani. Siku mbili nzima Kapteni hakuwa amemwuliza yeye kitu chochote, hata saa.

Chakula cha jioni kililiwa kwenye meza ndefu, watu wa vyuo vyote wamechanganyika. Kidosho alikuwa amejipamba kama anayekwenda harusini. Alikaa mkabala na Winchi, akatabasamu.

"Kaka," akasema, "nisogezee chumvi."

Winchi akageuka kutazama nyuma yake, kaka yupi. Redio akacheka mpaka akapaliwa.

"Nakwambia wewe," Kidosho akaendelea, sauti ikipanda kidogo ili ifike mbali. "Jamani, mnashangaa huyu anavyowashinda wanaume? Msishangae. Huyu ananyoa ndevu. Kila asubuhi! Mimi ndiye ninayemshikia kioo."

Mtu mmoja akatoa pumzi puani, mwingine akafuata, na kicheko kikatoka upande hadi upande kama moto wa nyasi kavu. Waliokuwa mbali waliuliza, "Kasemaje? Kasemaje?" wakaelezwa, nao wakaanza upya. Kapteni ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, akipiga meza kwa kiganja, na machoni mwake Winchi aliona kitu kilichomwuma kuliko kicheko chenyewe: nafuu. Kumbe hakuwa ameshindwa na msichana.

Winchi naye akacheka. Ndivyo alivyozoea. Mdomo ulifunguka wenyewe, ukatoa sauti. Mkono wake ukapanda kidevuni, kisha akaona watu wanautazama, akaushusha. Alisogeza chumvi. Alimaliza chakula chake chote, akakusanya sahani za watu, akaenda kuziosha.

Aliporudi kibandani alikuta wembe mpya juu ya mto wake, ungali ndani ya karatasi yake. Redio alikuwa amegeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Kidosho alikuwa anajipaka mafuta miguuni.

"Kwa nini?" Winchi akauliza.

"Ah, utani tu. Tangu lini umekuwa hutaniwi?"

"Nilikuamini wewe."

Kidosho akafunika kopo la mafuta. "Ungebaki kwenye nafasi yako, nani angekugusa?"

Asubuhi ya mwisho yalibaki mashindano ya kayaki. Njia ilikuwa kwenda mpaka kijisiwa cha mawe kilichokuwa mbele ya kambi, kukizunguka na kurudi. Kila chombo watu wawili. Kidosho alikuwa na Kapteni. Tangu usiku wa jana walikuwa chanda na pete. Winchi alipangwa na Redio.

"Mimi sipandi chombo kimoja na mwanaume nisiyemfahamu," Redio akasema, na ufukweni kicheko kikaamka tena.

Kocha alimtazama Redio, akamtazama Winchi. Hakuwa mjinga, alijua kuna kitu kimeoza. Lakini upepo ulikuwa unaanza kuamka na alitaka kumaliza mapema. "Wewe njoo kwenye boti yangu," akamwambia Redio. "Na wewe chukua ile ndogo, uende peke yako. Kila mtu afunge jaketi la kuelea vifungo vyote. Vyote!"

Kidosho alifunga kimoja. Jaketi lilimvimbisha kifua, na Redio alikuwa na simu tayari kuwapiga picha.

Winchi aliondoka kama mtu anayefukuzwa. Kila kasia lilikuwa kofi kwenye uso wa mtu fulani. Aliviacha vyombo vyote nyuma isipokuwa kile cha Kapteni, ambacho kilikuwa kinamjia kwa hasira. Wakafika nyuma ya kijisiwa, upande ambao kutoka kambini hauonekani, na boti ya Kocha ilikuwa bado iko mbali ikiwachunga waliochelewa. Huko upepo ulikuwa mwingine kabisa. Maji yalikuwa yamekunja uso.

Kapteni alitaka kumpita kwa ndani, karibu na mawe. Winchi alisikia Kidosho akisema, "Si huko, si huko!" kisha kishindo cha chombo kugonga jiwe. Alipogeuka, kayaki yao ilikuwa imelala kifudifudi kama samaki mfu.

Kapteni aliibuka kwanza, jaketi limemshika vizuri. Hakutazama nyuma. Aliogelea moja kwa moja kwenye mawe, akapanda kwa mikono na magoti. Kidosho aliibuka baadaye, na jaketi lake lilikuwa limemvuka kichwani, linakwenda zake na upepo pamoja na kayaki. Alikuwa anapiga maji kwa viganja kama mtoto anayepiga ngoma. Kuogelea kwake kulikuwa kwa kwenye picha tu.

"Winchi!" akaita. "Winchi, nishike!"

Winchi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Kasia moja lingetosha. Alilipiga, akafika, na alipokuwa umbali wa mkono mmoja na nusu akageuza kasia, akasimamisha chombo.

Hakupanga. Baadaye, kila alipojiuliza, jibu lilikuwa lilelile: hakupanga, ila alipoona inawezekana aliitaka. Mwili wake ulikuwa umetulia kabisa, kama juu ya jabali.

"Nishike!"

"Cheka," Winchi akasema.

"Nini?"

"Cheka. Kama jana."

Kidosho alimeza maji, akayatema. Macho yalikuwa yamemtoka. Alinyoosha mkono, vidole vikagusa ubavu wa chombo, na Winchi akakirudisha nyuma kidogo, kidogo sana, kwa ncha ya kasia.

"Winchi, nakufa."

"Jana hukufa. Cheka."

Na Kidosho akacheka. Alitoa "ha," akatoa "ha" nyingine, na ya tatu ikaingia maji katikati. Ilikuwa sauti ambayo Winchi hakuwahi kuisikia kwa kiumbe chochote, wala kwa mbuzi anayechinjwa. Ilimpita kooni kama kitu kitamu. Halafu kichwa kikazama, na juu ya maji zikabaki nywele tu, zimetandaa.

Hapo ndipo utulivu ulipomtoka. Alijitupa majini, akapiga mbizi, akamkamata kwapani, akamvuta juu. Alimlaza chali jinsi mjomba alivyomfundisha, akaogelea kwa mkono mmoja hadi kwenye mawe, akamnyanyua kama mfuko, akamgeuza na kumsukuma mgongo hadi maji yakatoka, na chakula, na kilio. Kapteni alikuwa ameketi pembeni, magoti kifuani, meno yakigongana.

"Nimekusikia," akamwambia Winchi. "Nimekusikia ulichomwambia."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Boti ya Kocha ilipotokea kwenye kona, Kapteni ndiye aliyesimama wa kwanza na kupunga mikono, na kabla injini haijazimwa alikuwa ameshaanza kueleza: kwamba Winchi aliwagonga kwa makusudi, akawapindua, kisha akamzuia Kidosho asishike chombo, akamlazimisha acheke huku anazama, kwamba yeye Kapteni alijaribu kurudi lakini upepo ulimshinda. Redio alikuwa ameketi kwenye boti, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema. Halikuchukua muda akalipata.

Kambini, Kidosho alilazwa kwenye chumba cha huduma ya kwanza, amefunikwa blanketi mbili. Kocha alimwita Winchi nje.

"Uliwagonga?"

"Hapana."

"Ulimwambia acheke?"

Winchi alitazama miguu yake. Angeweza kukataa. Neno lake na la Kapteni yangekuwa sawa kwa sawa. "Nilimwambia," akasema.

Kocha akavua filimbi shingoni, akaizungusha kidoleni. "Mwanangu, ukikubali hilo, nani atakusikiliza kwenye lile jingine?"

"Hakuna."

"Hakuna," Kocha akakubali. Alimpandisha Winchi kwenye boti ya mizigo iliyoondoka mchana, peke yake, katikati ya makreti ya chupa tupu. Watu wamezoea kusema asante ya punda ni mateke. Ajabu ya safari ile ni kwamba punda alikula mateke kwanza, ndipo akarusha la kwake, na la kwake ndilo lililohesabiwa.

Nyumbani alimkuta mama anamwagilia matofali yaliyofyatuliwa asubuhi. Alimweleza yote pale pale, amesimama na begi la kuazima, bila kuficha wembe wala ndevu wala kicheko. Mama hakuacha kumwagilia.

"Ulimtoa?" akauliza mwishoni.

"Nilimtoa."

"Hai?"

"Hai, mama."

Mama akaweka ndoo chini. "Yule binti ni nyoka. Ningekuwa mimi, ningemtoa, nikamkausha, nikampa uji, akipata nguvu ningemchapa makofi mpaka asahau jina la shangazi yake. Lakini mtu anayezama hadaiwi. Umesikia? Hadaiwi kitu." Akainua ndoo tena. Aliendelea na matofali, na wiki nzima iliyobaki ya likizo alimsemesha binti yake habari za kazi tu: leta, weka, funga, pakia.

Chuo kilipofunguliwa, habari ilikuwa imeshatangulia na kujitandikia kitanda. Kwenye ngazi wasichana walimpisha Winchi, si kwa heshima. Chooni mtu alikuwa ameandika neno ukutani kwa penseli ya nyusi. Hakuna aliyemwita apandishe ndoo. Waliona bora wabebe wenyewe na kumwaga nusu njiani. Aliomba kuhamishwa chumba, akapewa kingine mwisho wa korido, na siku aliyokuwa anafungasha, Kidosho aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Walikuwa hawajasemezana tangu mawe yale. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilikuwa hakijamwacha.

Alikaa ukingoni mwa kitanda kitupu.

"Kapteni aliniacha," akasema. "Najua. Niliuona mgongo wake ukienda."

"Kwa nini basi hujawaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba mwanaume wangu alinikimbia?" Akakohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Yeye aliogopa. Mtu akiogopa, utamfanyaje? Wewe hukuogopa. Nilikuwa nakutazama usoni, Winchi. Ulikuwa unafurahi."

Winchi alikuwa ameshika mashuka mikononi. Alitafuta la kusema akakuta ni kweli.

"Na wewe mezani," akasema polepole, "ulikuwa unafanya nini?"

Kidosho alifikiri. Usoni mwake hapakuwa na pambo lolote siku ile, na kwa kitambo kidogo alikuwa yule msichana wa alfajiri, aliyenyoosha mkono akapiga miayo.

"Nilikuwa nafurahi," akasema.

Wakatazamana. Kama lingekuwapo neno la kuwarudisha, lilikuwa karibu, lakini kila mmoja alimngoja mwenzake aliseme. Kidosho akainuka, akanyoosha godoro pale alipokuwa amekaa, akatoka. Mlango haukufunga vizuri, na Winchi akamsikia Redio koridoni akiuliza kwa shauku, "Kasemaje? Kasemaje?"

"Ameomba msamaha," Kidosho akajibu. "Amelia sana, maskini. Nimemsamehe."

Winchi alisimama na mashuka yake. Hakuwa amelia wala hakuwa ameomba chochote. Aliwaza kufungua mlango, akawaza nani angemsikiliza, akaendelea kukunja.

Muda uliobaki chuoni waliumaliza kwa salamu za koridoni, mambo, poa, kama watu waliowahi kupanga foleni moja. Kidosho na Kapteni hawakuvuka hata muhula. Kila Kidosho alipokohoa, Kapteni alikuwa anatoka nje. Winchi alisoma. Alishinda mtihani wa zege, akashinda wa vipimo, akapata kazi ya mafunzo kwenye jengo la ghorofa ambako mafundi walimheshimu na kumwogopa. Kuogelea aliacha. Mjomba alimwuliza sababu, akamwambia maji ya machimbo yamechafuka, na kweli yalikuwa yamechafuka.

Siku ya mahafali mama alikuja na gauni la kitambaa kizito, jua linawaka. Walipokuwa wanasubiri picha, Kidosho alipita karibu na wazazi wake, akamwona Winchi, akapunga mkono kwa vidole.

"Ndiye?" mama akauliza.

"Ndiye."

Mama alimwachia Winchi mkoba wake, akavuka nyasi. Winchi alibaki pale pale. Alimwona Kidosho akipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kifua kimepona?"

"Kimepona, mama. Ila wakati wa baridi tu."

"Pole sana," mama akasema, akamshika bega, akalishika kitambo. "Pole, mwanangu. Jifunike wakati wa baridi."

Kisha akarudi, akachukua mkoba wake mkononi mwa Winchi, akauliza mpiga picha yuko wapi.